Muulize Bi Karani: Akina Akasha, madeni ya unga na kesi isiyokwisha

Bi Karani alikuwa karani wa mahakama mjini Mombasa hadi alipostaafu. Hujibu maswali ya wasomaji kuhusu sheria, kesi na mambo ya kortini.

Toleo lililopita nilikuwa najibu swali la dhamana, nikawataja akina Akasha kwa mstari mmoja tu, kama mfano wa washtakiwa waliokaa nje muda mrefu huku kesi ikiahirishwa. Mstari ule umeniletea barua nyingi kuliko yote niliyowahi kuandika kuhusu mirathi. Haya basi, leo tuwamalize hao.

SWALI: Shikamoo Bi Karani. Nimezaliwa mwaka 2001 hapa Tanga. Wazee wakitaniana barazani nasikia, "Unajifanya Akasha wewe?" Hao ni akina nani hasa? Na ni kweli baba yao aliuawa Ulaya?
Kijana wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli. Ibrahim Akasha Abdalla alikuwa mtu wa Mombasa, na jina lake lilihusishwa kwa miaka mingi na hashishi na heroini zinazopita pwani yetu kwenda Ulaya. Mwezi Mei mwaka 2000 alipigwa risasi akafa Amsterdam, katika mtaa uitwao Bloedstraat, mchana wa watu, akiwa na mkewe. Mwaka 2002 mwanawe Kamaldin naye akauawa kwa risasi papa hapa Mombasa. Kwa miaka miwili familia ikawa imepoteza baba na mwana aliyetazamiwa kushika nafasi yake.

Waliokuja kuongoza baadaye ni wanawe wengine wawili, Baktash na Ibrahim. Huyu Ibrahim wa pili amebeba jina la baba yake, kwa hiyo ukisoma magazeti ya zamani angalia mwaka kwanza, usije ukamfunga marehemu.

Nieleze jambo moja hapa kwa sababu litatufaa kwenye barua zinazofuata. Watu hushangaa biashara kama ile iliendaje baada ya mwenyewe kuuawa. Biashara ya unga haina mkataba unaoweza kuupeleka kortini. Mwenye mzigo kule Pakistani hakupi heroini kwa mkopo kwa kuwa una ofisi nzuri. Anakupa kwa sababu alimjua baba yako, na kwa sababu anajua mama yako anaishi wapi. Jina la ukoo ndilo dhamana, na watoto ndio wadhamini, wapende wasipende. Kwa hiyo baba alipouawa, dhamana haikufa naye. Wanawe waliirithi pamoja na marafiki wa baba, wadai wa baba na maadui wa baba. Kortini nimeona ndugu wakigombania shamba la minazi hadi wanazeeka, lakini shamba halina mtu wa kukufuata Ulaya akudai.

SWALI: Bi Karani, salaam kutoka Muscat. Hapa tunakunywa kahawa na jamaa mmoja wa Mombasa anayesimulia ugomvi wa akina Akasha na mahasimu wao kama hadithi ya mashujaa. Walikuwa wakigombania nini hasa? Mitaa? Heshima?
Mzee wa Ruwi, Muscat

JIBU: Salaam zimefika, bwana. Mwambie jamaa yako apunguze chumvi. Walikuwa wakigombania vidonge na madeni.

Umewahi kusikia Mandrax? Zamani ilikuwa dawa halali ya usingizi, kemikali yake inaitwa methakwaloni. Nchi nyingi ziliipiga marufuku, lakini Afrika Kusini watu waliendelea kuitaka. Huko husaga kidonge, wakakichanganya na bangi na kukivuta kwenye shingo ya chupa iliyovunjwa. Soko ni kubwa, na anayeweza kupeleka kemikali za kukitengeneza ana mali mkononi. Hapo ndipo akina Akasha waliposhirikiana na Mhindi mmoja, Vijaygiri Goswami, maarufu Vicky, aliyekuwa amefungwa Dubai miaka mingi kwa hiyo hiyo Mandrax na kuachiliwa mwaka 2012. Yeye alijua kemikali. Wao walikuwa na pwani, watu na jina.

Sasa huwezi kuingia soko la Afrika Kusini ukalikuta tupu. Mwaka 2014 mlanguzi mmoja wa huko, aliyefahamika kwa jina la Pinky, aliuawa kwa risasi. Waendesha mashtaka wa New York, ambako ndugu hawa walikuja kushtakiwa, walieleza mahakamani kwamba mauaji yale yalitokana na ugomvi wa biashara hiyo, na kwamba amri ilitoka kwa upande wa akina Akasha. Walieleza pia vitisho na utekaji wa watu waliokuwa upande wa pili. Katika makosa ambayo Baktash na Ibrahim walikiri wenyewe yamo ya kubeba bunduki za rashasha na vilipuzi katika biashara ya dawa za kulevya. Hayo si maneno ya barazani.

Lakini tazama mwendo wenyewe. Mtu anakudai au unamdai. Mteja wako anamfuata mwingine. Mshirika wako anazungumza na mwenye mzigo bila wewe. Mfanyabiashara wa mchele pale Marikiti yakimkuta hayo anaandika barua ya wakili, akishindwa anakuja kwetu masjala, analipa ada na kufungua kesi ya madai. Hawa hawana masjala. Kila deni lililochelewa lina namna moja tu ya kudaiwa, na aliyedaiwa kwa bunduki ana ndugu, na ndugu wana kumbukumbu. Mimi sioni ushujaa hapo. Naona watu wazima wasioweza kulala na taa imezimwa.

Na fedha za vidonge hazikuwatosha. Walikuwa na mpango wa kutengeneza methi, yaani methamfetamini, Msumbiji kwa kutumia efedrini kutoka kiwanda kimoja cha India. Efedrini ni ile inayotumika kwenye dawa za mafua. Mwezi Aprili 2016 polisi wa Thane, karibu na Mumbai, wakanasa tani kadhaa za efedrini ile na mpango ukavunjika. Nakuomba uangalie tarehe hiyo tena: Aprili 2016. Wakati huo ndugu hawa walikuwa tayari wameshtakiwa Mombasa na wako nje kwa dhamana. Nitaieleza kwenye jibu lifuatalo, maana ndiyo iliyonifanya niandike ule mstari mmoja.

SWALI: Hujambo Bi Karani. Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Akina Akasha ni Wakenya, heroini ilikabidhiwa Nairobi, mtu hajafika hata uwanja wa ndege wa Marekani. Mahakama ya New York iliwapata kwa misingi gani? Na kwa nini ilichukua zaidi ya miaka 2 kuwapeleka?
Mwanafunzi, Parklands, Nairobi

JIBU: Sijambo mwanangu. Maswali mawili, na la pili ndilo ninalolijua kwa mifupa yangu.

La kwanza. Sheria ya Marekani inamshika mtu yeyote, popote alipo, anayekula njama ya kuingiza dawa za kulevya Marekani au anayezikabidhi akijua zinaelekea huko. Mwaka 2014 DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, liliwatuma watu waliojifanya mawakala wa Wakolombia wanaotaka heroini ya kuuza Marekani. Mazungumzo yakarekodiwa, miezi na miezi. Kwanza ikatoka kilo 1 ya kuonjwa. Mwanzoni mwa Novemba zikaletwa kilo 98 nyingine, na aliyezileta mwenyewe Nairobi ni Ibrahim. Jumla kilo 99 za heroini na kilo 2 za methi. Neno "Marekani" lilipokwisha kutamkwa kwenye rekodi, mahali pa kukabidhiana hapakuwa na maana tena. Siku chache baadaye, tarehe 9 Novemba 2014, wakakamatwa Mombasa: ndugu wawili, Goswami, na Mpakistani mmoja aliyehusika na usafirishaji wa baharini.

La pili. Hapa ndipo wengi hudhani nguvu ya familia ile ilikuwa bunduki. Mimi nimekaa masjala miaka yote ile, nakwambia bunduki hukufikisha mtaa wa pili tu. Kinachokuweka mjini miaka 2 ukiwa na hati ya New York juu ya kichwa chako ni tarehe ya kutajwa kesi.

Wewe unasoma sheria, lakini vitabuni hawakuonyeshi inavyokuwa. Kesi ya kumkabidhi mtu kwa nchi nyingine si kesi ya hatia. Hakimu haulizi kama ulifanya. Anauliza kama wewe ndiye, kama hati ni halali, kama kosa lenyewe ni kosa pia hapa kwetu, na kama ushahidi ulioletwa unatosha. Ingewezekana kumalizika kwa muda mfupi. Sasa anza kuhesabu. Wakili mmoja anaumwa. Nakala za hati hazisomeki, zirudishwe zipigwe upya. Upande wa mashtaka umebadilisha mwendesha mashtaka, mpya anaomba muda asome faili. Faili liko mahakama ya juu kwa ombi la kikatiba, kwa hiyo hapa chini hatuna la kufanya ila kutaja. Unajua "kutaja"? Watu wanasafiri kutoka Kwale alfajiri, wanakaa kwenye benchi, jina linaitwa, tarehe mpya inatolewa, wanarudi nyumbani. Na kila tarehe katika hizo inaweza kuwa halali kabisa. Ubaya wake ndio huo. Ukizitazama moja moja huoni kitu, mpaka uziweke zote kwenye ukurasa mmoja.

Nilikuwa nimestaafu kesi hii ilipoanza, kwa hiyo sisemi nimeona nani akipokea nini. Nasema kilichomo kwenye kumbukumbu za mahakama ya New York. Baktash na Ibrahim walikiri kosa la kuzuia haki isitendeke, na maelezo ya kosa hilo ni kwamba walitoa hongo kwa maafisa wa Kenya ili wasisafirishwe. Waendesha mashtaka walitaja polisi, waendesha mashtaka na majaji. Goswami, ambaye alikiri na kugeuka shahidi wa serikali, alieleza hayo kwa mdomo wake. Mshirika wa kemikali, mtu asiye wa damu, ndiye aliyesimama na kusimulia. Wanaosema undugu ndio uliowaangusha hawakusoma kesi.

Mwisho wa Januari 2017 walichukuliwa kwa ghafla na kupandishwa ndege wakati kesi ya hapa haijaamuliwa. Mawakili wao walilalamika, na wewe kama mwanafunzi una haki ya kuuliza swali hilo mbele ya mwalimu wako: je, serikali inaweza kuchoka kuisubiri mahakama yake yenyewe? Mimi najibu kwamba haifai, tena nasema hivyo nikiwa sina chembe ya huruma kwa waliopandishwa. Ukiizoea njia ya mkato kwa mlanguzi, kesho atapandishwa ndege mtu aliyeandika makala.

Walikiri makosa mwezi Oktoba 2018. Agosti 2019 Baktash alihukumiwa miaka 25 na faini ya dola 100,000. Januari 2020 Ibrahim akapata miaka 23. Kutoka kutua hadi hukumu ya kwanza ni miaka 2 na nusu hivi. Kwetu muda kama huo ulikwisha kwenye kutaja.

SWALI: Bi Karani, kwa hiyo unga umekwisha?
Ilala, Dar es Salaam

JIBU: La. Ukitaka kuelewa kwa nini, tazama bahari, achana na majina. Jahazi zinatoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistani, zinashuka na kaskazi hadi kwetu, Kenya, Tanzania, Msumbiji. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi moja nje ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Tani nzima kwenye chombo kimoja. Miezi michache baadaye meli nyingine, Al Noor, ilikutwa na heroini kwenye dizeli yake, na serikali ya Kenya ikaipeleka baharini na kuilipua Rais wa wakati huo akitazama. Moshi ulipendeza kwenye televisheni. Mizigo hiyo miwili si ule wa kilo 99 tunaouzungumzia, na yote ilikuwa mwaka ule ule. Kwenu pia: Ali Khatib Haji, yule wa unga aitwaye Shkuba, Marekani ilimwekea vikwazo mwaka 2016 na mwaka uliofuata akasafirishwa huko. Nenda maskani yoyote uulize kama kete imepanda bei.

SWALI: Assalam aleikum Bi Karani. Mwanangu ana miaka 22, alimaliza shule hajapata kazi. Shemeji yangu, kaka yake marehemu mume wangu, amerudi na pesa ambazo hatuelewi zimetoka wapi. Amemnunulia mwanangu simu, na sasa anataka kuandikisha lori kwa jina lake, ati kijana aanze maisha. Pia anataka amfungulie kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Nikiuliza naambiwa nina wivu na nataka kuvunja ukoo. Nifanye nini?
Mama, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na wewe ndiye niliyemwekea nafasi kubwa leo.

Shemeji yako sijui anafanya nini, na wewe pia hujui. Anaweza kuwa ameuza kiwanja. Kwa hiyo tusimhukumu, tuangalie karatasi tu. Mtu mwenye pesa safi anayetaka kumsaidia mtoto wa ndugu yake humlipia chuo, humpa mtaji mkononi au humwajiri kwa mshahara. Anayetaka jina lake kwenye logibuku, jina lake kwenye usajili wa kampuni, pini yake ya KRA, mamlaka ya kodi, kwenye fomu za forodha na kitambulisho chake kwenye laini ya simu ambayo hataibeba yeye, huyo anatafuta jina la kutangulia mbele.

Hizo familia tulizozungumza juu hazikujengwa na watu wawili watatu wanaotajwa magazetini. Chini yao kuna vijana wengi ambao hakuna anayewajua: mwenye lori, mwenye ghala, aliyetia sahihi kontena, aliyekwenda kupokea mgeni uwanja wa ndege. Wamechaguliwa kwa sababu ni watoto wa ndugu, na mtoto wa ndugu haombi risiti wala hamwulizi ami yake maswali. Nimewaandikia mashtaka vijana wa namna hiyo kwa mkono wangu. Wengi walikuwa hawajui mle ndani mna nini, na baadhi yao niliwaamini. Lakini sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaruhusu kifungo cha maisha kwa ulanguzi, na kumthibitishia hakimu kwamba hukujua kilichomo kwenye lori lenye jina lako ni kazi nzito, ina gharama, na utaifanya ukiwa rumande ya Shimo la Tewa. Hata pasipokuwa na unga uliokamatwa, kuna sheria ya mwaka 2009 ya mali ya uhalifu. Serikali inaweza kulifuata lori lenyewe, ikamwuliza mwenye jina alilinunua kwa pesa gani. Kijana wa miaka 22 asiye na kazi atajibu nini?

Fanya hivi. Usianze na shemeji, anza na mwanao, na usimwambie "ami yako mlanguzi" maana atamtetea. Mwambie kabla ya kutia sahihi yoyote aombe vitu vitatu: mkataba wa mauzo unaoonyesha pesa zilitoka akaunti gani, nakala ya kila karatasi iwe mikononi mwake, na ruhusa ya kumpelekea wakili asiye wa ami. Shemeji akiwa na biashara halali atacheka na kuzitoa. Akikasirika, kijana ataona kwa macho yake, na hilo lina nguvu kuliko maneno yako mia.

Kuhusu kuvunja ukoo: una wazee wa upande wa marehemu. Mchague mmoja anayeheshimika na asiyekula kwa shemeji, mwambie mbele ya mwanao kwamba wewe hukubali jina la mtoto wa marehemu litumike kwa chombo asichokinunua. Sema "chombo asichokinunua" na ukomee hapo. Hujamsingizia mtu, wala hakuna atakayekupeleka kortini kwa kumchafulia jina. Laini ya simu kama imekwisha kusajiliwa kwa kitambulisho chake, aende duka la kampuni ya simu akaifunge leo, asingoje Jumatatu.

Umeandika pia mwisho wa barua, kwa kalamu tofauti, kwamba mwanao "anapungua mwili na analala mchana". Sikulichapa kwenye swali lako, lakini nimeliona. Kama ni hilo unaloliogopa, nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haitozi kitu. Kliniki za methadoni, dawa inayomsaidia mtu kuacha heroini, ziko Kisauni na Malindi, dawa hunywewa pale pale kila siku mbele ya mhudumu, na hawaiti polisi. Ndugu zetu wa Dar walianza Muhimbili tangu 2011. Mtu akifika huko anaitwa mgonjwa na kuandikwa kwenye kadi ya mgonjwa.

SWALI: Bi Karani, tumewekeana dau hapa mkahawani. Mmoja anasema Baktash atatoka mwaka 2030 kwa tabia njema. Wengine tunabisha. Amua.
Wanywaji kahawa, Bondeni, Mombasa

JIBU: Katika kesi za shirikisho za Marekani parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti, iliondolewa kwa sheria ya miaka ya 1980. Kilichobaki ni punguzo la tabia njema, lisilozidi siku 54 kwa kila mwaka wa kifungo. Alitua New York mwishoni mwa Januari 2017, na kabla ya hapo siku alizokaa Nyali kwa dhamana hazihesabiwi. Miaka 25, toa punguzo lote, unabaki na miaka 21 na miezi kidogo. Hiyo ni 2038. Mwenye 2030 alipe kahawa, na asiombe tarehe nyingine.